Baridi ya Alfajiri na Moyo wa Mzee

Katika kata za Kibara, Nansimo, Kisorya na nyingine zinazopakana na Ziwa Viktoria, neno baridi husemwa kwa mzaha. Anayelalamika kuwa anasikia baridi huambiwa aende Makete au Lushoto akaione baridi yenyewe. Mzaha huo una ukweli wake, kwa kuwa mchana jua la huku ni kali na maji ya ziwa hayapoi sana mwaka mzima. Hata hivyo, ziwa lenyewe liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti, kati ya saa kumi alfajiri na saa kumi na mbili asubuhi, joto la hewa hushuka hadi kati ya nyuzi 15 na 18 hivi, na upepo utokao nchi kavu kuelekea ziwani huwapiga watu ambao mara nyingi nguo zao zimeloa. Kwa kijana, hali hiyo ni sababu ya kuvaa sweta. Kwa mtu aliyefikisha miaka 60 au 70, hasa mwenye shinikizo la damu ambalo hajawahi kulipima, ni mzigo halisi juu ya moyo.

Wengi hudhani kwamba baridi inayodhuru moyo ni ile ya nchi zenye theluji. Dhana hiyo si sahihi, na ndiyo inayowafanya wazee wengi wa kando ya ziwa wasichukue tahadhari yoyote.

Yanayotokea ndani ya mwili

Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki na joto la nyuzi 37 hivi. Ngozi inapopoa, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye ubongo, nao ubongo huamuru mishipa midogo ya damu iliyo katika ngozi ya mikono, miguu na uso isinyae, ili damu yenye joto ibaki ndani karibu na moyo, mapafu na ini. Ndiyo sababu vidole hupauka na kuwa vya baridi kabla ya tumbo na kifua. Huo ni ulinzi mzuri, lakini una gharama. Moyo hulazimika kusukuma damu ileile katika njia zilizokuwa nyembamba. Aliyewahi kubana mdomo wa mpira wa maji akaona jinsi maji yanavyoruka kwa nguvu ataelewa upesi kwa nini shinikizo la damu hupanda.

Madaktari wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Tangu miaka ya 1930 kimekuwapo kipimo ambacho mtu hutumbukiza mkono mmoja tu katika maji ya barafu kwa dakika moja au zaidi kidogo, na shinikizo la damu la mwili mzima hupanda. Mkono mmoja unatosha. Msomaji na afikirie basi mzee anayejimwagia ndoo nzima ya maji ya baridi kichwani na kifuani alfajiri.

Sambamba na kusinyaa kwa mishipa, mwili humwaga katika damu homoni ya adrenalini na nyingine zinazofanana nayo. Kazi ya moyo huongezeka, na msuli wa moyo huhitaji hewa ya oksijeni kwa wingi zaidi. Iwapo mishipa inayoulisha moyo wenyewe imeanza kuziba kwa mafuta, kama inavyotokea kwa watu wengi kadiri umri unavyosonga, mahitaji huongezeka wakati njia ya kuyatimiza ni finyu. Hapo mtu husikia kifua kikibana, na pengine mshtuko wa moyo hufuata.

Jambo la tatu halionekani kwa urahisi. Damu inaporudishwa ndani kutoka kwenye ngozi, mwili huona kana kwamba una maji mengi kupita kiasi, na figo huyatoa kwa njia ya mkojo. Hii ndiyo sababu watu hukojoa mara nyingi zaidi wakati wa baridi. Damu inayobaki huwa nzito kiasi, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hushikana kwa wepesi zaidi. Donge dogo la damu likiziba mshipa wa moyo huleta mshtuko wa moyo. Likiziba mshipa wa ubongo huleta kiharusi.

Saa za alfajiri zina hatari yake hata bila baridi. Mwili unapoamka, shinikizo la damu hupanda lenyewe kutokana na homoni za kuuandaa kwa kazi za siku, na imethibitika katika nchi nyingi kwamba mshtuko wa moyo hutokea zaidi asubuhi kuliko saa nyingine. Baridi ya alfajiri huja kuongeza mzigo ambao tayari upo.

Kwa nini umri hubadilisha hali

Mishipa mikubwa ya damu ya kijana hutanuka na kunywea kwa kila pigo la moyo. Kadiri miaka inavyokwenda, mishipa hiyo hukakamaa. Matokeo yake ni kwamba namba ya juu ya kipimo cha presha hupanda, na mshipa uliokakamaa hauna nafasi ya kupokea ongezeko jingine linaloletwa na baridi. Vihisi vilivyo shingoni na kifuani, ambavyo hupaswa kurekebisha presha inapopanda ghafla, navyo huzeeka na kuchelewa kufanya kazi.

Zaidi ya hayo, mzee hupoteza msuli, na msuli ndio unaozalisha joto mtu anapotetemeka. Mafuta ya chini ya ngozi hupungua. Lililo baya zaidi ni kwamba hisia ya baridi yenyewe hufifia. Mzee anaweza kuketi nje tangu saa kumi na moja alfajiri akisema hana baridi, ilhali mikono yake ukiishika ni kama imetoka kwenye maji. Kwa hiyo si busara kwa familia kumuuliza tu babu au bibi kama anasikia baridi na kuridhika na jibu. Amguse mikono na miguu.

Baridi ndogo, vifo vingi

Nchini Ufaransa, watafiti walipima shinikizo la damu la watu 8,801 wenye umri wa miaka 65 na zaidi katika miji ya Bordeaux, Dijon na Montpellier, na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Namba ya juu ya presha ilikuwa zaidi kwa wastani wa milimita 5 za zebaki wakati wa baridi kuliko wakati wa joto, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa waliovuka miaka 80. Waliokuwa na presha ya kiwango cha juu, yaani 160 kwa 95 au zaidi, walikuwa kama theluthi moja wakati wa baridi na chini ya robo wakati wa joto. Milimita 5 zaweza kuonekana chache kwa mtu mmoja. Katika jamii nzima ya wazee, hizo ndizo zinazotenganisha nani anapata kiharusi mwaka huu na nani hapati.

Mwaka 2015 jarida la tiba la The Lancet lilitoa uchunguzi wa vifo zaidi ya milioni 74 katika nchi 13. Kati ya vifo vyote, asilimia 7 na ushei vilihusishwa na baridi, na chini ya nusu ya asilimia moja vilihusishwa na joto. Jambo linalopaswa kumgusa mkazi wa Mara ni kwamba sehemu kubwa ya vifo vya baridi haikutokea katika siku za baridi kali kupindukia. Ilitokea katika siku za baridi ya wastani, ambazo watu hawazihofii.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 1997, uliolinganisha maeneo mbalimbali ya Ulaya, ulionyesha jambo linaloshangaza mwanzoni: joto liliposhuka kwa kiwango kilekile, vifo viliongezeka zaidi katika maeneo yenye hali ya hewa ya joto, kama Athens nchini Ugiriki, kuliko katika Ufini ya kusini yenye baridi kali. Maelezo yake ni rahisi. Mfini huvaa koti, kofia na glavu kabla ya kutoka nje, na nyumba yake imejengwa kuzuia baridi. Mtu wa nchi ya joto hana koti, nyumba yake imejengwa kupitisha hewa, naye hutoka kama alivyo. Ndivyo ilivyo kwa nyumba nyingi za Mwibara: bati bila dari, upenyo kati ya ukuta na paa, sakafu ya saruji au udongo, na mkeka. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka 2018 kwamba ndani ya nyumba, katika majira ya baridi, joto lisiwe chini ya nyuzi 18. Kwa usiku wa Julai, nyumba nyingi za aina hiyo haziwezi kufikia kiwango hicho bila jitihada.

Hali ya presha kwa wazee wa Tanzania

Yote hayo yasingekuwa na uzito iwapo wazee wetu wangekuwa na mioyo na mishipa isiyo na kasoro. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, miongoni mwa watu wa miaka 70 na zaidi, uliwakuta karibu saba kati ya kila kumi wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Hao hawakuwa watu wa mjini wenye magari na vyakula vya hotelini. Walikuwa wakulima. Hapa Kanda ya Ziwa, uchambuzi wa wagonjwa waliolazwa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, kati ya mwaka 2009 na 2011 ulionyesha kuwa kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 50, shinikizo la damu na madhara yake ndilo lililokuwa chanzo kikuu cha vifo.

Presha haina maumivu. Anayesubiri kichwa kiume ndipo aende kupima anaweza kusubiri hadi siku ya kiharusi.

Ziwani, kisimani na chooni

Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku wa giza, wakati mwezi haupo, kwa taa zinazowavuta dagaa juu ya maji. Chombo hurudi alfajiri. Mvuvi wa miaka 60 na kitu aliyekaa usiku kucha katika nguo zilizoloa amepoteza joto kwa njia mbili: maji huchukua joto la mwili kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa, na upepo ukipita juu ya nguo mbichi hukausha maji kwa gharama ya joto la mwili. Kisha, akiwa katika hali hiyo hiyo, huinama pamoja na wenzake kuvuta mtumbwi mchangani. Katika nchi za theluji, madaktari huwaonya wazee wasiondoe theluji mlangoni kwa koleo asubuhi, kwa kuwa kazi nzito ya ghafla katika baridi huua kwa mshtuko wa moyo. Kuvuta mtumbwi mwaloni ni kazi ya namna ileile. Mzee abadilishe nguo kwanza, anywe kitu cha moto, na kazi ya kuvuta waachiwe vijana. Si aibu, ni mgawanyo wa kazi wa kawaida katika kikosi chochote cha uvuvi chenye heshima. Koti la plastiki la mvua na nguo kavu iliyofungwa katika mfuko wa nailoni havigharimu kiasi cha kushinda chombo chenye injini.

Akina mama wazee wana alfajiri yao: kuchota maji, kufua ziwani wakiwa wamesimama katika maji hadi magotini, na kubeba ndoo kichwani kupanda mlima. Hapa pia, kuchelewa hadi jua lipande ni tiba isiyouzwa dukani. Kuoga vivyo hivyo. Anayetumia maji ya baridi aanze na miguu, kisha mikono, asianze na kichwa na kifua.

Jambo la choo halizungumzwi sana, lakini ni kubwa. Imeelezwa hapo juu kwamba baridi huongeza mkojo. Wazee wengi pia hutumia vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo, na wanaume wengi wana tezi dume iliyovimba. Mzee hutoka kitandani penye joto saa tisa usiku, huenda choo cha nje akiwa na shuka tu, na hurudi akitetemeka. Akiinuka ghafla anaweza pia kuona kizunguzungu na kuanguka. Wengine huacha kunywa maji jioni ili kukwepa safari hiyo, na damu yao huwa nzito zaidi. Chombo cha haja ndogo chumbani, kandambili na koti karibu na kitanda, na kukaa pembeni mwa kitanda kwa dakika moja kabla ya kusimama, huondoa sehemu kubwa ya hatari. Anayetumia kidonge cha kuongeza mkojo amuulize mhudumu wa afya kama anaweza kukinywa asubuhi.

Jiko la mkaa lisiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa ili kupasha joto. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Moyo uliokuwa ukihitaji oksijeni zaidi kwa sababu ya baridi hupewa pungufu, na familia nzima huweza kulala isiamke. Pombe nayo hudanganya: gongo hufungua mishipa ya ngozi, mtu akasikia joto usoni, ilhali joto la ndani linatoka nje.

Upande wa chakula, baridi ni majira ya kula vizuri na kunywa uji wa moto. Angalizo moja ni chumvi. Kayabo na dagaa waliokaushwa kwa chumvi waloweshwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa, na chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ikijumuishwa ile iliyomo tayari ndani ya vyakula.

Dawa zinazonunuliwa kwa mazoea

Miezi ya baridi viungo huuma, na wazee wengi hununua diklofenaki au aibuprofeni katika maduka ya dawa bila ushauri. Dawa hizo hupandisha shinikizo la damu, hudhuru figo, hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, na kwa mwenye moyo dhaifu huweza kusababisha maji kujaa mwilini. Baadhi ya dawa za mafua zinazozibua pua nazo hubana mishipa ya damu. Mwenye presha aseme kuwa ana presha kabla ya kuuziwa dawa yoyote, na muuzaji naye ana wajibu wa kuuliza.

Kosa linalofanana na hilo hutokea wakati wa joto. Presha hushuka kidogo katika miezi ya jua kali, mgonjwa akaambiwa kipimo chake ni kizuri, naye akaelewa kuwa amepona na kuacha vidonge. Juni inamkuta bila dawa. Presha kwa wengi ni hali ya maisha, na kipimo kizuri maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi. Kuongeza au kupunguza kidonge kulingana na majira ni uamuzi wa tabibu baada ya kupima.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Maumivu ya kifua kwa mzee yasipewe jina la kichomi au gesi na kuchuliwa mafuta hadi kupambazuke. Kifua kinachobana kama kimewekewa jiwe, maumivu yanayopanda taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho la baridi na pumzi kukata, ni dalili za mshtuko wa moyo. Kwa wazee, wanawake na wenye kisukari, maumivu yanaweza yasiwepo kabisa. Huonekana tu kuishiwa pumzi, kulegea au kuchanganyikiwa ghafla. Uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu na maneno kukwama ni kiharusi. Wapo wanaosema kiharusi huletwa na upepo mbaya. Katika kuona uhusiano wa upepo wa baridi na ugonjwa huo wazee hawakukosea sana, lakini njia unayopitia ni presha na damu iliyoganda, na tiba yake iko hospitalini. Kila saa inayopotea ni sehemu ya ubongo inayokufa. Mgonjwa asipewe chakula wala vidonge vingi vya presha kwa pamoja, na usafiri utafutwe papo hapo hata kama ni usiku.

Zipo dalili za polepole pia: miguu kuvimba, kushindwa kulala bila mito mingi, na kikohozi cha usiku kinachodhaniwa kuwa mafua ya baridi. Hizo huashiria moyo unaochoka, na huhitaji kuonwa na tabibu ndani ya siku chache.

Kupima kabla ya Juni

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, na kwa utaratibu wa Serikali wazee wasio na uwezo hupatiwa matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Asiye na uwezo aanzie kwa mwenyekiti wa kitongoji au kijiji na mtendaji wa kijiji ili atambuliwe. Maneno yaliyobandikwa katika vituo vingi, Mpisheni mzee apate huduma kwanza, ni haki anayoweza kuidai kwa upole foleni inapokuwa ndefu.

Anayekwenda kupima aende zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, aketi na kupumzika dakika tano, awe amekojoa, na asiwe amevuta sigara au kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia. Mkono uegemezwe mezani na asizungumze wakati wa kupimwa. Kipimo kikiwa 140 kwa 90 au zaidi, hurudiwa siku nyingine kabla ya kuitwa ugonjwa. Kikifika 180 kwa 120 na kuambatana na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi au dalili za kiharusi, ni dharura. Namba ziandikwe pamoja na tarehe katika daftari la mgonjwa, kwa sababu daftari lenye vipimo vya Februari na vya Julai humwonyesha tabibu jinsi baridi inavyomwathiri mzee huyo, jambo ambalo kipimo cha siku moja hakiwezi kulionyesha.